Mpira Huanza kwa Mgeni

Ninyi mliobaki katika idara ya michezo mmeniomba niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau. Mmechelewa kidogo, mengine yameshakwenda na upepo. Niulizeni mkuu wa chuo wa tatu aliitwa nani, sikumbuki. Niulizeni mwaka niliopandishwa cheo, sikumbuki, na wala sijali. Lakini saa nane mchana, Lodwar nzima ikiwa imelazwa na joto, mbuzi wamejibanza kwenye kivuli cha ukuta na hakuna anayesema neno, mimi husikia mpira unadunda. Du, du, du. Hunyamaza kidogo, kama mtu anayefuta jasho, halafu unaanza tena. Mume wangu husema ni jirani anatwanga. Jirani mwenyewe alihamia Kitale zamani.

Naitwa Mwalimu Atabo. Nimefundisha Kiswahili na michezo katika chuo cha walimu hapa Lodwar mpaka mwezi uliopita, walipoziona mvi zangu wakahesabu miaka. Nitawaandikia habari za msimu mmoja tu wa timu ya wanaume ya mpira wa kikapu. Katika msimu ule nilifanya kosa lililokaribia kumtoa mwanafunzi mmoja chuoni, na kosa lenyewe hamtalikuta katika kitabu chochote cha ukocha. Ila ili mlielewe, lazima nianze nyuma.

Siku yangu ya kwanza nilifika na sanduku la bati na cheti cha kufundisha mpira wa pete. Mwalimu wa michezo wa wanaume alikuwa amepata uhamisho wiki ile ile, akaondoka kwa furaha hata akasahau viatu. Naibu wa mkuu akanipa funguo mbili, moja ya stoo ya wasichana na moja ya stoo ya wavulana. "Ni kwa muda tu," akasema. Muda wenyewe ukawa miaka ishirini na minane.

Stoo ya wavulana ilikuwa na mwenyewe, Mzee Losike, mtunza stoo, mtu mfupi aliyetembea na kigoda chake cha mkononi, ekicholong, hakukiachia hata akipanda ngazi. Huyo ndiye aliyenifundisha kazi, si chuo. Alinionyesha pampu. "Sindano ilambe kwanza," akasema, "ukiichomeka kavu utaua mpira." Alinifundisha kujaza mpira alfajiri na kuupunguza pumzi saa sita, maana joto letu hufurisha kila kitu. Alinifundisha kufagia miba ya miti ya mathenge uwanjani kila asubuhi, hata kama uliifagia jana jioni, kwa sababu upepo hauheshimu kazi ya mtu. Nyavu za vikapu tulisukiwa na wavuvi wa Kalokol kwa kamba zile zile za kuvulia tilapia. Mpira ukitoboka tuliupeleka kwa fundi wa pikipiki, ambaye kila mara alitikisa kichwa akasema huu umekufa, na kila mara aliufufua.

Kitabu cha sheria nacho kilikuwepo, ila mchwa walikuwa wamekula kurasa nane za mwanzo. Kwa hiyo nilijua mchezo unavyoendelea na unavyokwisha, ila sikujua unavyoanza. Kuuliza niliona aibu. Nilikuwa mwanamke mmoja mbele ya wanaume ishirini, na siku ya kwanza ya mazoezi mmoja wao alikuwa ameshaniuliza, "Mwalimu, utatufundisha ama utatupikia?" Nikamwambia, "Nitawakimbiza kwanza. Atakayebaki na pumzi aulize tena." Hakuna aliyeuliza. Sasa baada ya maneno makubwa kama hayo, ningewauliza vipi mchezo unaanzaje?

Timu ya kwanza ilipokuja kutoka Kapenguria, nikafanya nililoliona kuwa la adabu. Nikauchukua mpira, nikampa nahodha wao mkononi. Nikasema, "Karibuni. Mgeni huanza." Nahodha akamtazama refa. Refa wetu alikuwa fundi wa redio wa mjini, naye kitabu hakuwa nacho kabisa. Akapuliza kipenga, tukacheza. Miaka miwili baadaye kitabu kizima kikafika, nikasoma kwamba mpira hurushwa juu na watu wawili wakaurukia. Lo! Nilitamani ardhi inimeze. Lakini vijana wakakataa kubadilisha. Walisema tangu lini mgeni afike nyumbani kwako umrukie? Hata marefa wa ligi walipokuja na sheria zao, mrukaji wetu alisimama tu na mikono mgongoni, mpira ukawaendea wageni, na watu wa Lodwar wakapiga makofi. Mkumbuke jambo hilo, nitalirudia.

Sasa msimu wenyewe. Ni miaka ile makazi ya wakimbizi ya Kalobeyei yalipokuwa mapya, mabati ya maduka yanang'aa mpaka unafumba macho. Nilikuwa na wachezaji kumi wa Turkana na mmoja wa Sudan Kusini. Huyo mmoja ni Santino. Alikulia kambini Kakuma, akalelewa na mjomba wake baada ya mama yake kufariki, akaingia chuoni kwa sababu alitaka kufundisha watoto wa darasa la kwanza. Si la saba, la kwanza. Alisema hao ndio wanaoogopa. Alikuwa mrefu hivi kwamba darasani nilimketisha nyuma, na mwenye haya hivi kwamba nilisahau yuko. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini. "Mwalimu, mpira yangu imeenda kwa miba," angesema, nami ningemrekebisha, naye angesema asante kwa heshima na kesho yake kusema vile vile.

Nahodha alikuwa Ekal, kijana mzito wa mabega na wa maneno. Mpiga chenga wetu alikuwa Lokol, mwepesi, mcheshi, asiyetulia hata kanisani. Wawili hao walilala chumba kimoja na kula sahani moja.

Tatizo lilikuwa uvivu. Mazoezi yalianza saa kumi na mbili asubuhi, nao walicheza kama watu wanaoota ndoto. Mpira ulielea, wao wakauangalia ukielea. Nami nikiwa nimesimama pale kwenye ubaridi mdogo wa asubuhi, milima ikiwa bado ya zambarau, mikoma ya kando ya mto Turkwel imetulia tuli, nilikaribia kusinzia pamoja nao. Nikajiambia, Atabo, watu hawa wanahitaji kuwashwa moto.

Na moto niliujua. Kwetu kila mwanamume huzaliwa Jiwe au Chui. Baba akiwa Jiwe, wanawe ni Chui, na wana wa Chui huwa Mawe. Wakikutana kula nyama, Mawe hukaa upande wao na Chui upande wao, na hushindana katika kila kitu, kuimba, kucheza, hata kula kwenyewe. Sisi wanawake hatuulizwi. Vijana wa chuo walilichukulia jambo hilo kama utani wa nyumbani. Mimi nikalichukua nikalitia uwanjani. Nikahesabu, nikakuta Mawe watano, Chui watano. Ajabu! Nikaona Mungu mwenyewe amenipangia mazoezi.

"Kuanzia leo," nikawaambia, "Mawe kule, Chui huku. Upande utakaoshindwa utafagia miba na kujaza mipira wiki nzima."

Mngeona! Uvivu uliisha siku ile ile. Walikimbia, waliruka, walitukanana kwa heshima. Ekal alisimama upande wa Mawe akinguruma, Lokol upande wa Chui akimcheka. Mzee Losike alitoa kigoda chake stoo akaja kuketi kando, naye alikuwa Chui, na alisahau kazi zote. Na Santino? Hakuwa na upande. Nilimwazimisha. Mtu mmoja akiugua upande huu, anaingia huku. Akipona, anatoka. Nilimtumia kama sufuria ya jirani, na wala sikujishtukia. Nilijiona kocha kweli kweli.

Mechi ya kwanza ya ligi chuo kimoja cha Kitale kilitujia nyumbani. Siku hiyo mjomba wake Santino alifika na basi la asubuhi. Alikuwa mzee mwembamba, mrefu kuliko mpwa wake, amevaa koti zito katika jua la Lodwar bila kutoa jasho. Jina lake Deng. Nilimsalimia, tukaketi pamoja kwenye tofali, naye akaniambia habari yake bila kuzunguka. Alikuwa amefungua duka Kalobeyei, lilihitaji mtu. Santino alikuwa amebakiwa na mwaka mmoja na nusu wa masomo.

"Mimi sikatai shule," akasema. "Shule ni kwes, nzuri. Lakini huyu ni mtoto wa dada yangu. Nataka kujua anakaa na watu gani. Kama anakaa na watu wake, akae. Kama anakaa peke yake, bora akae peke yake dukani kwangu. Nitaangalia leo."

Kisha akatoa maharage mfukoni, yale mekundu ya dukani, akayashika mkono wa kushoto. Nikadhani ni ya kutafuna. Wacha!

Mechi ikaanza, mpira tukawapa wageni. Tulipoupata, Ekal alimpa Jiwe mwenzake, Jiwe akamrudishia Ekal, Ekal akakwama. Lokol akaupata, akamtafuta Chui, Chui amezingirwa na watu wawili, lakini Lokol akampa huyo huyo. Chini ya kikapu, peke yake kabisa, alisimama Santino, mkono juu. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. "Santino yuko wazi! Mtu yuko wazi!" Upepo ulikuwa unavuma kutoka upande wa ziwa, ukayachukua maneno yangu ukayapeleka Uganda. Dakika zikapita, mkono ule mrefu ukiwa juu. Mpaka leo nikifumba macho nauona.

Tulipigwa vibaya. Mzee Deng akanyoosha viganja vyake. Cha kushoto kilijaa maharage. Cha kulia kilikuwa na matatu.

"Mpira ilikuja kwake mara tatu," akasema. "Mimi sijui hii mchezo, mwalimu. Lakini najua mtu akipewa, na najua mtu akinyimwa."

Nilijitetea. Nikamwambia siku mbaya hutokea. Nikamwomba angoje, mwisho wa msimu tungecheza Kakuma, aje atazame tena ndipo aamue. Akarudisha maharage mfukoni moja moja.

"Sawa," akasema. "Kakuma. Nitahesabu tena. Ikiwa hivi, siku hiyo hiyo anashuka kwa gari yenu na anabaki na mimi. Kalas."

Jioni nilimwita Santino stoo. Nilikuwa nimekasirika, na hasira nilimpelekea asiye na kosa. "Mbona huombi mpira?" nikamuuliza. "Kwani huna mdomo?"

Akainama, sababu mlango wa stoo ulikuwa mfupi kwake. Akasema pole pole, "Naomba, mwalimu. Lakini Jiwe anapea Jiwe. Chui anapea Chui. Mimi si jiwe, mimi si chui. Mimi nitapewa na nani?"

Niliketi juu ya gunia la jezi. Nilihisi aibu ikinipanda kutoka miguuni. Miezi miwili nilikuwa nimewafundisha watu wangu kutopeana, na nilikuwa nimewafundisha vizuri. Kijana huyu angepoteza masomo yake kwa sababu ya ujanja wangu.

Kesho yake nilipiga marufuku Mawe na Chui. Nikawachanganya, nikawavalisha jezi za rangi mbalimbali, nikagomba. Haikusaidia. Hawakuwa wakaidi, naomba mnielewe. Ekal hakumchukia Lokol hata kidogo, usiku walikuwa wanacheka pamoja mpaka majirani wanagonga ukuta. Lakini uwanjani, jambo likiwa kali, mkono ulikwenda ulikozoea. Na kila mmoja alipojilazimisha kumpa wa upande wa pili, aliona kama ameomba msamaha mbele za watu. Kapenguria tulishindwa. Kitale tulishindwa. Hesabu ya Santino sikuthubutu hata kuifanya.

Zikabaki wiki tatu. Asubuhi moja nilikuwa nafagia miba mwenyewe, kujiadhibu labda, jua linachomoza pole pole nyuma ya mikoma, na uwanja mzima una rangi ya uji wa mtama. Mzee Losike alikuwa ameketi mlangoni pa stoo akilamba sindano ya pampu. Ndipo likanijia lile jambo la nahodha wa Kapenguria na mpira niliompa mkononi. Nilisimama na ufagio wangu. Nikacheka peke yangu. Mzee Losike akauliza kama joto limenipanda mapema.

Vijana walipofika niliwaketisha chini. "Ekal," nikasema, "mgeni akinyoosha mkono nyumbani kwenu, unamnyima?"

"Ah, mwalimu. Haiwezekani."

"Hata kama wewe ni Jiwe?"

"Mgeni ni mgeni."

"Lokol?"

"Mgeni hanyimwi, mwalimu. Nani alisema ananyimwa?"

"Na mgeni naye akikupa kitu, unauliza yeye ni Jiwe au Chui?"

Wakacheka wote. Nikawaambia, "Basi kaeni na vichwa vyenu vigumu. Jiwe asimpe Chui, Chui asimpe Jiwe, mimi nimechoka. Lakini mpira ukitaka kuvuka upande, utapita kwa mgeni." Nikamshika Santino mkono, nikamsimamisha katikati, mbele ya kikapu. "Huyu hapa."

Jamani, ilikuwa kama mtu amefungua mfereji. Ekal akampa Santino bila kufikiri, Santino akamwona Lokol, Lokol akafunga. Lokol akampa Santino, Santino akamwona Ekal. Hakuna aliyeomba msamaha kwa mtu. Tena Santino, kwa sababu hakuwa na upande, ndiye pekee aliyeuona uwanja mzima. Kumbe miezi yote ile akisimama na mkono juu alikuwa anatazama, na kila mmoja anapopenda kupokea mpira alipajua.

Nilifurahi sana. Lakini baada ya mazoezi alinijia, akasimama akifuta mpira kwa fulana yake. "Mwalimu," akasema, "hii ni mzuri. Lakini mgeni ni mimi mpaka lini?"

Nilimwambia akaoge.

Tulikwenda Kakuma kwa lori la chuo, alfajiri, barabara ikiwa bado mawe matupu. Vijana walikaa juu ya magodoro. Jua lilipopanda, mazigazi yakaanza, maji yale ya uongo yanayolala mbele ya barabara na kukimbia ukiyakaribia. Ngamia walivuka ndani yake bila miguu. Mimi niliutazama mfuko wa Santino, maana nilikuwa nimemwona akiufunga usiku uliotangulia, nguo zote, vitabu vyote, hata kikombe. Alikuwa amejiandaa kutorudi.

Karibu na laga ya Tarach, mto ule mkavu wa mchanga, Ekal akaniita. "Mwalimu, kuna shida. Leo tunaenda kwao Santino. Wageni ni sisi. Sasa ile sheria inafanyaje?"

Lori zima likashtuka. Kweli! Hata mimi sikuwa nimeliwaza. Lokol akasema mchezo umekwisha kabla haujaanza. Ndipo Santino, Santino mwenye haya, akasimama ndani ya lori lile linalorukaruka, ameshika bomba la juu.

"Leo mimi ni mwenyeji," akasema. "Mgeni akifika, mwenyeji anampokea mzigo. Si ndiyo? Basi nileteeni mizigo."

Kisha Ekal akasema kwa sauti ya mtu aliyekubali hoja barazani, "Hiyo ni haki." Na Lokol akapiga ubao wa lori kwa ngumi akicheka.

Uwanja wa Kakuma ulikuwa udongo uliokanyagwa ukawa mgumu kama saruji. Watu walijaa pande zote, nami nilisikia lugha zikichanganyika, Kisomali huku, Kifaransa kule, Kiarabu cha Juba nyuma yangu, na mama mmoja Mkongo akipaza sauti, "Angalia ule mulefu! Yesu wangu, angalia ule mulefu!" Warefu walikuwa wengi, sijui alimtaja nani. Mzee Deng alikuwa ameketi mbele kabisa na koti lake, mkono wa kushoto umefumbwa. Aliinamisha kichwa kunisalimu. Hakutabasamu.

Mechi ile naikumbuka vipande vipande. Nakumbuka pasi ya kwanza, Ekal kwa Santino, na Deng akihamisha harage moja. Pasi ya pili Lokol kwa Santino, harage. Kisha nikaacha kumtazama Deng kwa sababu sikuweza kuwatazama wote wawili. Mpira ulikwenda kwa yule kijana na kutoka, ukaenda na kutoka, Mawe wakimletea, Chui wakimletea, naye akiupokea kila mara kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mzigo kweli. Wenyeji walikuwa wazuri kuliko sisi, walituzidi pointi nane, tukazipunguza zikawa mbili.

Katika robo ya mwisho vumbi likaja. Mnalijua vumbi la Kakuma. Liliinuka upande wa laga likafunika uwanja, rangi zote zikawa moja, jezi hazikujulikana. Refa hakupuliza. Labda naye hakuona pa kusimamia. Ndani ya ule ukungu mwekundu nilisikia viatu, na mpira, du, du, du, na sauti ya Santino ikiita majina. "Ekal! Lokol! Hapa! Hapa!" Wakati mmoja upepo ulitulia kidogo, nikamwona Lokol ana mpira, watu watatu wamembana, na Santino yuko mbali. Akageuka akamrushia Ekal moja kwa moja, Chui kwa Jiwe, na Ekal akafunga. Walitazamana kama watu waliofumaniwa. Halafu vumbi likawafunika tena.

Tulishindwa kwa pointi nne. Niliwaacha vijana wakinywa maji, nikaenda kwa Mzee Deng. Alikuwa amesimama. Akaufungua mkono wa kushoto mbele yangu. Ulikuwa mtupu. Wa kulia ulishindwa kuyashika, mengine yalikuwa mfukoni, mengine chini kwenye vumbi.

"Nilichukua konzi nzima," akasema. "Yameisha kabla ya mapumziko. Baada ya hapo sikuhesabu, nilitazama tu." Macho yake yalikuwa na maji, na hakulisingizia vumbi. "Duka nitakaa mwenyewe. Lakini, mwalimu, kama anapewa hivyo yote, kwa nini mmeshindwa?"

Swali hilo nimekaa nalo miaka mingi.

Santino alirudi nasi na mfuko wake, kikombe ndani. Alimaliza masomo. Leo anafundisha darasa la kwanza Kalobeyei, na mpira wake bado "imeenda kwa miba." Ekal anafundisha Nariokotome, Lokol Lokiriama. Mzee Losike alitutoka, nasi tulimzika na kigoda chake. Mimi nilifundisha misimu mingine mingi, nikashinda vikombe viwili vilivyomo kwenye kabati la ofisi. Fungueni muone, ndani ya kimoja kuna sindano za pampu.

Mwezi uliopita, siku yangu ya mwisho, waliniandalia mbuzi pale pale uwanjani, jua likiwa limelegea. Walikuja wengi. Bila mtu kusema neno, Mawe wakaketi kule na Chui wakaketi huku, wanaume wazima wenye vitambi. Santino alikuwa amefika mapema kuliko wote. Yeye ndiye aliyeshika kisu, akikata nyama na kuwapelekea wa pande zote mbili, na hakuna aliyemuuliza kwa nini ni yeye. Walinyoosha mikono tu.

Mimi sikuweza kukaa. Niliona mwiba wa mathenge, nikauokota. Niliona mpira umeachwa kwenye saruji, nikainuka kuupeleka stoo, nikatia mkono mfukoni kutafuta funguo. Mfuko ulikuwa mtupu. Funguo nilikuwa nimezikabidhi asubuhi ile, nikatia sahihi. Nikabaki nimesimama katikati ya uwanja na mpira kwapani, sijui niende wapi, Mawe kule, Chui huku.

Santino akanijia na kipande cha kwanza cha paja kwenye sahani. Akauchukua ule mpira kwapani pangu, akavuta kiti.

"Kaa, mwalimu," akasema. "Mgeni huanza."

Nikakaa. Nikaipokea ile sahani kwa mikono miwili.